Chumba cha Bibi: familia ya Mbeya ilipokuja harusini Unguja mwezi wa Machi

Familia ya watu sita kutoka Mbeya ilikuwa inakuja Unguja wiki ya kwanza ya Machi 2024. Kaka yao mdogo, anayefanya kazi huku, alikuwa anaoa binti wa Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe wa hapa Unguja, na wazee wa upande wa binti walitaka ndoa ifungwe ndani ya Shaabani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Waliokuja ni bibi wa miaka 68 mwenye presha na magoti mabovu, mwanawe mkubwa na mkewe, shangazi mmoja, mtoto wa miaka minne na mwingine wa miezi 14. Walikuwa na shilingi laki tatu kwa usiku, kwa wote. Bwana harusi alinipa kazi ya kuwatafutia pa kulala kuanzia Ijumaa mpaka Jumatano, na akanitumia mahali patatu ambapo kaka yake alikuwa amekwisha kupachagua kwa kutazama picha kwenye simu.

Hapo pote patatu palikuwa pazuri. Nasema hivyo mapema ili msomaji asidhani nitasimulia kisa cha nyumba mbovu na wenyeji wadanganyifu. Lakini kila mahali pangewatesa watu hawa, kwa wiki ile, na sababu haikuwa kwenye picha. Tunapomuuliza mtu "wapi pazuri pa kulala Zanzibar?" tunauliza swali pungufu. Pazuri kwa nani, mwezi gani, chumba kipi ndani ya nyumba hiyo? Starehe ya nchi ya joto na unyevunyevu hupatikana usiku au haipatikani kabisa. Mchana mgeni ana kivuli, ana madafu, ana bahari. Kuanzia saa tatu usiku mpaka alfajiri ana kitanda tu na kuta nne, na zikimshinda, hiyo bahari ya kesho ataitazama kwa macho mekundu.

Nianze na miili yao, maana huko ndiko uamuzi ulikotoka. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Machi joto lake hushuka chini ya nyuzi 15 na watu hulala na blanketi. Unguja mwezi huohuo mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku haushuki sana chini ya 25. Kwa tarakimu peke yake hilo si joto la kutisha. Kinachochosha ni unyevu wa hewa. Mwili haupoi kwa kutoa jasho, hupoa jasho linapokauka juu ya ngozi, na Machi hewa yetu imeshiba maji kiasi kwamba jasho linabaki linatiririka tu. Upepo ndio unaolikausha, hata ukiwa wa feni. Ndiyo maana chumba cha nyuzi 29 chenye hewa inayotembea kinalalika, na cha nyuzi 27 kilichofungwa hakilaliki.

Mwili wa mtu mzima mwenye afya huchukua kama wiki moja hadi mbili kuzoea joto jipya. Hawa wangeondoka kabla ya kuzoea, kwa hiyo chumba kilipaswa kuwafanyia kazi ambayo miili yao isingeweza kuifanya. Bibi ndiye aliyenitia wasiwasi zaidi. Mzee hutoa jasho kidogo kuliko kijana na kiu humjia kwa kuchelewa, na mojawapo ya dawa zake za presha ilikuwa ile ya kukojosha, inayopunguza maji mwilini. Nilimwomba mwanawe ampeleke kwa daktari wake hukohuko Mbeya kabla ya safari, aulize kuhusu dawa na joto. Hilo si suala la mtafuta nyumba. Nami nikakubaliana na nafsi yangu kwamba chumba cha Bibi ndicho kingeamua nyumba, na wengine wangemfuata yeye.

Kisha msimu. Watu wanajua kaskazi inavuma tangu Desemba na kusi inashika baada yake, lakini wachache wanaifikiria ile nafasi ya katikati. Mwezi wa Machi kaskazi inakufa na kusi haijafika. Wazee wanaita maleleji. Zipo siku bendera inaning'inia kwenye mlingoti tangu asubuhi mpaka jioni. Nyumba inayosifiwa kwa upepo wake mwanana mwezi wa Januari inaweza kuwa haina upepo wowote wiki sita baadaye.

Jua nalo lina tabia yake. Unguja iko nyuzi sita kusini mwa ikweta, na karibu na tarehe 5 Machi jua la adhuhuri hupita wima juu ya kisiwa. Mtu akisimama uwanjani saa sita na nusu mchana hivi, kivuli chake kinamwishia miguuni. Maana yake kwa nyumba ni hii: mzigo mkubwa wa joto unaangukia paa, ukuta wa mashariki unapigwa asubuhi, wa magharibi unapigwa alasiri yote, na kuta za kaskazini na kusini zinasalimika, hasa kama kuna upenu mzuri. Ukijua hivyo, unaweza kuisoma nyumba kabla hujafungua mlango.

Mahali pa kwanza kwenye orodha yao palikuwa Shangani, ghorofa ya juu kabisa ya nyumba ya kale, yenye roshani inayotazama machweo. Picha ilikuwa inavutia kwelikweli. Lakini tazama ilichokuwa inasema: chumba kiko chini ya paa, na kinatazama magharibi. Paa za Mji Mkongwe zamani nyingi zilikuwa bapa, zikawa zinavuja kwa mvua zetu, zikafunikwa mabati. Chumba kilicho chini ya bati, kinachopigwa jua usoni tangu saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili jioni, kinakuwa cha moto zaidi saa ileile mgeni anaporudi kuoga na kupumzika. Vyumba vya kutazama machweo huuzwa ghali kuliko vingine, na kwa miezi ya joto ndivyo vigumu kulala kuliko vyote. Hapo sijataja ngazi. Ngazi za nyumba hizo ni nyembamba, zimesimama wima, na vipandio havilingani. Kumpandisha bibi mwenye magoti mabovu ghorofa tatu, mara nne kwa siku, ni kumfungia ndani.

Pa pili palikuwa Kendwa. Ufukwe wa Kendwa nausifu bila kusita. Maji hayakimbii mbali yanapokupwa kama yanavyofanya pwani ya mashariki, na mtu anaogelea karibu saa yoyote. Ila Kendwa iko kaskazini-magharibi ya kisiwa, na kaskazi yenyewe inapofika pale imeshavuka nchi kavu, kwa hiyo hata mabaki yake ya Machi hayafiki vizuri. Na zaidi ya yote, harusi ilikuwa Malindi, mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa gari. Siku ya hina, ndoa msikitini, sherehe ya wanawake ukumbini inayokwisha karibu na saa sita usiku: kila shughuli ingekuwa na safari ya kwenda na kurudi, watoto wamelala mapajani. Anayekuja Unguja kwa harusi ya Mjini na kulala Kendwa amechagua kulala ndani ya gari.

Pa tatu, bangaloo za makuti Jambiani, napenda nipatendee haki. Makuti ndiyo paa bora tulilonalo dhidi ya joto. Hayahifadhi moto, yanapumua, na paa lake refu linaipandisha hewa ya moto juu mbali na kitanda. Tatizo ni kwamba chumba cha makuti kimejengwa kwa kutegemea upepo. Juu ya ukuta pako wazi, hivyo ukiwasha kiyoyozi baridi yote inatoka nje na umeme unakwenda bure. Upepo ukifa, kama ulivyokuwa umekufa wiki ile, hakuna cha kukusaidia ila pangaboi. Isitoshe pwani ya mashariki imekaa juu ya miamba ya matumbawe, na visima vingi vya huko vina maji ya chumvi. Mtu mzima anaoga na kuvumilia. Mtoto wa miezi 14 mwenye harara shingoni na kwapani akiogeshwa maji ya chumvi, kisha akavikwa nguo kavu, atalia usiku kucha. Na Jambiani nako ni mbali na Malindi.

Nikabaki na njia mbili za kwangu mwenyewe.

Ya kwanza ilikuwa nyumba nzima ya kupanga Mazizini. Haina ngazi, ina choo cha kukaa, jiko, uwanja wa watoto kuchezea, robo saa tu kwa gari kufika Mjini. Nilitaka sana iwe ndiyo. Nikaenda kuiona saa mbili usiku, kwa sababu kuikagua nyumba saa nne asubuhi hakukuambii itakavyolalika. Nikaweka kiganja kwenye ukuta wa magharibi wa chumba kikubwa: ulikuwa vuguvugu, na jua lilikuwa limezama muda mrefu. Ukuta ule wa matofali ya saruji, usio na mti wala upenu, ulikuwa unarudisha ndani joto ulilokusanya alasiri nzima. Juu kulikuwa na bati na dari ya mbao nyembamba, hapana tundu la kutolea hewa ya moto darini. Viyoyozi vilikuwepo na vilifanya kazi. Nikauliza kuhusu jenereta. Lipo. Nikauliza linawasha nini: taa, friji na maji. Viyoyozi haliwezi.

Swali hilo la mwisho ningemshauri kila msafiri aliulize namna hiyohiyo. "Mna jenereta?" hujibiwa ndiyo karibu kila mahali. "Jenereta linawasha kiyoyozi cha chumba changu?" ndilo lenye jibu la maana. Unguja hupata umeme kutoka bara kwa waya unaopita chini ya bahari. Mwaka 2008 waya ulipoharibika kisiwa kilikaa gizani kama mwezi mzima, na tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikakaa miezi mitatu. Waya mpya wa megawati 100 uliwashwa 2013 na hali ikawa nzuri kuliko zamani, lakini nyumba inayolalika kwa sababu ya kiyoyozi peke yake bado ni nyumba ya kubahatisha. Kwa Bibi sikutaka kubahatisha.

Ya pili ilikuwa nyumba ya wageni Kiponda, ndani ya Mji Mkongwe, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwa bi harusi. Bibi na shangazi wangekaa chumba cha chini kinachofungukia uani, na wenye watoto chumba cha ghorofa ya kwanza kilicho juu yake. Bei ya vyumba vyote viwili, baada ya kuelewana bei ya wenyeji, ilikuwa chini kidogo ya laki tatu.

Nilifika saa tatu usiku. Kuta za nyumba zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita na zaidi. Ukuta wa namna hiyo hulipokea joto polepole mno, na kwa kuwa vichochoro vya Kiponda ni vyembamba, jua lenyewe linaugusa kwa muda mfupi tu kila siku. Kiganja kikasema kweli: ukuta ulikuwa baridi, karibu wa kuegemezea shavu. Juu ya chumba kulikuwa na ghorofa mbili nyingine, kwa hiyo joto la paa lilikuwa linaishia kwa watu wengine. Chumba kilikuwa chembamba na kirefu, kama vilivyo vingi vya huko, kwa vile boriti za mikoko hazitoshi kuvuka upana mkubwa. Wengine hawapendi umbo hilo. Mimi nalipenda kwa sababu pangaboi moja linafika kila pembe. Dirisha moja lilitazama ua na jingine kichochoro, na yakifunguliwa yote hewa inapita.

Sasa kasoro zake, maana zilikuwepo na zilihitaji kazi. Kulikuwa na harufu ya unyevu nyuma ya kabati. Hili ni gonjwa la vyumba vya chini vya Mji Mkongwe, na hutofautiana kwa ukubwa: ukuta uliobaki na chokaa yake unapumua na kukauka, ule uliopigwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta unafungia maji ndani na kuoza. Nilikwangua kidogo kwa ukucha pembeni nikakuta chokaa. Nikaomba kabati livutwe mbali na ukuta na madirisha yaachwe wazi siku mbili kabla hawajafika. Mwenye nyumba, mama mtu mzima anayeijua nyumba yake, alikubali bila maneno mengi.

Kitanda kilikuwa samadari ya zamani, nzuri, ya kuchonga, na ndefu kiasi kwamba Bibi angehitaji kigoda kupanda. Tulikihamishia ghorofa ya kwanza na kuteremsha kitanda kifupi. Chandarua kilikuwa cha duara, kinachoning'inia na kumgusa mtu, kinazuia upepo na kumpa mbu nafasi ya kuuma kupitia kitambaa. Tukabadilisha kikawa cha mraba, kimefungwa pembe nne, na feni ya kusimama ikawekwa usawa wa godoro, kwa sababu upepo wa pangaboi hupungua sana unapopenya chandarua kutoka juu. Choo kilikuwa cha kukaa, ila mlangoni mwake palikuwa na kizingiti kirefu. Fundi akaweka kipande cha mbao mbele yake, na ukutani akafunga chuma cha kushikia.

Uani nikakuta pipa la maji lisilo na mfuniko, viluwiluwi wanacheza ndani. Unguja imefanya kazi kubwa juu ya malaria na wenye vimelea ni chini ya mtu mmoja katika mia, lakini mbu wa dengue anapenda pipa kama hilo na huuma mchana, saa ambazo mtoto wa miezi 14 analala usingizi wake wa adhuhuri. Pipa likamwagwa, likasuguliwa, likapata mfuniko. Nikamwambia mama wa mtoto kwamba chandarua ni cha mchana pia.

Kiyoyozi kilikuwepo katika vyumba vyote viwili, na kwa usiku ule wa Machi sikusema wasikitumie. Niliwaomba wakiweke nyuzi 26, pangaboi likizunguka polepole, badala ya 18 kama wageni wengi wanavyofanya. Mtu anayetoka uani kwenye nyuzi 31 na kuingia kwenye 18 anaamka amekaukwa koo. Ukuta mnene ukisaidia, 26 zinatosha.

Walifika Ijumaa tarehe 1 Machi, jioni, kwa boti ya kutoka Dar es Salaam, wamechoka sana. Gari haliingii Kiponda, kwa hiyo mizigo ilivutwa kwa mkokoteni na Bibi akatembea taratibu akishikwa mkono na mjukuu wa watu, kijana wa jirani aliyemkuta njiani na kumwamkia. Nilipokwenda kumpa shikamoo asubuhi aliniambia alilala mpaka adhana ya alfajiri. Kumbuka alikuwa hajawahi kulala pwani.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Dirisha la kichochoroni lilimsumbua shangazi: mikokoteni inayoelekea sokoni Darajani hupita kabla ya mapambazuko na magurudumu yake juu ya mawe yana kelele. Kulifunga dirisha ni kupoteza hewa, kuliacha ni kupoteza usingizi, na hatukupata dawa ya hilo. Nguo zilizofuliwa hazikukauka uani kwa siku mbili. Mtoto wa miaka minne alitoka harara baada ya sherehe ya Jumapili, kutokana na suti ya nailoni aliyovishwa ukumbini kwa saa nyingi. Alioga maji ya kawaida, akalala bila shati, na kufikia Jumanne ngozi ilikuwa imetulia. Bibi alikuwa hanywi maji mpaka akumbushwe, ikabidi shangazi aweke jagi kando ya kitanda na kulisimamia lipungue.

Bahari hawakuikosa. Mwezi ulikuwa kwenye robo ya mwisho tangu tarehe 3, kwa hiyo wiki ile ilikuwa ya maji mafu, kujaa na kupwa kwake hakutofautiani sana, na maji hujaa asubuhi kuelekea mchana. Kwa hali hiyo hata pwani ya mashariki inaogeleka mapema. Jumanne tukawapeleka Jambiani, hukohuko walikotaka kulala. Walifika saa mbili na nusu asubuhi, watoto wakacheza majini, Bibi akakaa kivulini chini ya makuti akitazama kina mama wakianika mwani wao, na saa sita walikuwa wamo njiani kurudi Kiponda kwenye ukuta wao wa baridi. Ingekuwa wiki moja baadaye, wakati wa bamvua, maji yanapokupwa mbali, safari hiyohiyo ingewafikisha kwenye kilomita ya mchanga mtupu saa nne asubuhi.

Mwaka uliofuata mwana mkubwa aliniandikia. Walitaka kuja tena, mwezi wa Julai, kumwona mtoto aliyezaliwa, na Bibi alisisitiza wapewe chumba kilekile. Nilimkatalia, nikamweleza sababu. Julai ni kipupwe. Kusi inavuma sawasawa, usiku unapoa, unyevu umepungua, na chumba kile cha chini ambacho Machi kilikuwa kimbilio kingekuwa na baridi ya unyevu inayoingia kwenye magoti. Wala hapakuwa na shughuli za harusi za kuwafunga Mjini. Niliwatafutia Jambiani, nyumba ya makuti yenye kisima cha maji matamu, nilichokionja mwenyewe, na kitanda cha Bibi kikawekwa upande wa ndani, mbali na dirisha la kusini-mashariki, maana upepo ule wa Julai humpiga mtu usiku kucha. Kiyoyozi hakikuwepo. Bibi aliomba blanketi la pili.